Kichwa gani cha risasi kwa nyati, pofu na wanyama wakubwa? Ulinganisho wa aina tano

Mwindaji mwenye leseni ya nyati mfukoni huwa ameshamaliza suala la bunduki. Kinachomkwamisha ni pakiti za risasi. Kila pakiti ina picha ya kichwa kilichochanua kama uyoga, na kila moja inaahidi kupenya na kuua. Picha hiyo haijibu swali lenye uzito zaidi porini: kichwa hiki kikishindwa, kinashindwaje? Kimoja hupasukia juu juu kwenye bega. Kingine hupita upande wa pili bila kuchanua. Kingine humtoboa mnyama uliyemlenga na kumjeruhi wa nyuma yake. Anayejua udhaifu wa kichwa chake anajua pia ni pembe ipi ya kukataa kufyatua.

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Kwa Kiswahili "risasi" ni madini, ni kile kinachoruka, na ni kitu kizima chenye ganda, baruti na fataki. Hapa "kichwa" ni kile kinachoruka, "madini ya risasi" ni yale mazito na laini yanayojazwa ndani yake, na "risasi" ni kitu kizima. Tunazungumzia uwindaji halali tu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa michezo mwaka 1977, kwa hiyo mifano mingi hapa ni ya Tanzania, ambako wanyama hatari kama nyati, simba na tembo hawawindwi kwa kaliba (kipenyo cha kichwa kwa inchi) iliyo chini ya .375.

Vigezo

Kigezo cha kwanza ni mipaka ya kasi. Kichwa kinachochanua kimetengenezwa kufanya kazi kati ya kasi fulani ya chini na fulani ya juu, na kasi inayohesabika ni ile ya kumgonga mnyama, si ya kutoka mtutuni. Kwa vichwa vingi mpaka wa chini uko mahali fulani kati ya mita 490 na 610 kwa sekunde. Chini ya hapo kinapita kama msumari. Kikizidi mpaka wa juu kinavunjika. Sasa angalia tofauti za bunduki. .300 Win Mag hurusha kichwa cha greni 180 (gramu 11.7) kwa takriban mita 900 kwa sekunde, na mnyama aliye mita 20 anaipata karibu kasi yote hiyo. .30-06 yenye uzito uleule huanza na mita 820 hivi, na kwenye mita 200 imeshuka hadi karibu 690. .375 H&H ya greni 300 (gramu 19.4) huanza na mita 770, na .470 Nitro Express ya greni 500 huanza na 655. Muundo unaosifiwa kwenye .30-06 unaweza kusambaratika kwenye .300, ijapokuwa kipenyo na uzito ni vilevile. Ndiyo maana sifa ya kichwa isiyotaja kaliba na umbali haina faida.

Cha pili ni uzito unaobaki. Kichwa cha greni 300 kikiokotwa na greni 240 kimebaki na asilimia 80. Usikichukulie kigezo hiki peke yake. Kuna vichwa vilivyoundwa vipoteze sehemu ya mbele kwa makusudi, na vingine hubaki na kila greni lakini havikuchanua hata kidogo.

Cha tatu ni kina na unyofu wa njia. Kipenyo cha .375 ni milimita 9.5. Kikichanua mara mbili kinakuwa milimita 19, na eneo la uso wake linakuwa mara nne. Tundu linapanuka, lakini breki nazo zinakaza. Hakuna mtengenezaji aliyekwepa mapatano haya kati ya upana na kina, wanatofautiana tu mahali pa kukatia.

Cha nne ni mfupa na tumbo. Nyati dume ana mfupa mzito wa bega, mbavu pana zinazokaribia kufunikana, na nyuma yake tumbo kubwa lililojaa majani yaliyoloa. Watu huogopa mfupa wakasahau tumbo. Mnyama akiwa amekupa mgongo kwa mshazari, kichwa lazima kipite kwenye majani hayo kabla ya kufika mapafu, na hapo vichwa vingi vizuri hukwama.

Cha tano ni tabia ya kichwa kwenye mtutu wako, na cha sita ni nyama na gharama: nyama inaharibika kiasi gani, chembe za madini ya risasi zinabaki ndani yake au la, pakiti inapatikana au la, na unaweza kumudu kufanyia mazoezi ile ile utakayowindia.

Ushahidi upi wa kuamini

Mabishano mengi hapa yanatokana na ushahidi uliokusanywa vibaya. Vichwa vinavyookotwa ni vile tu vilivyosimama ndani ya mnyama. Vilivyotoka upande wa pili vimepotea majanini, na vilivyomjeruhi mnyama asiyepatikana havipo kwenye mkebe wa mtu yeyote. Ukiangalia mkebe wa vichwa vizuri, unaangalia sehemu ya habari tu. Mwindaji bingwa anayesema "sijawahi kuona kichwa hiki kikishindwa" aulizwe pia ni wanyama wangapi waliojeruhiwa kwacho na hawakupatikana.

Mahali pa kupata ukweli ni wakati wa kuchuna. Mwambie mchunaji asianze kukata upande ulioingia risasi. Kwanza pima tundu la kuingilia na tafuta la kutokea. Kisha fungua kifua na ufuate njia ya damu iliyovilia, kiungo baada ya kiungo, ukitaja kila mfupa uliovunjwa. Vaa glavu, maana kingo za shaba iliyochanua hukata kama wembe. Ngozi ya upande wa pili ikaguliwe kwa vidole, kwa sababu hunyumbuka na kukinasa kichwa kilichokwisha nguvu, na hapo ndipo vingi hupatikana. Kichwa kikipatikana, kioshe, kikaushe, kipime uzito, halafu pima kipenyo mara mbili kwa pembe za msalaba na uchukue wastani.

Andika mstari mmoja kwa kila mnyama: aina na jinsia, umbali kwa mita, pembe aliyosimama, kaliba, kichwa na uzito wake, mifupa iliyoguswa, viungo vilivyotobolewa, kina kwa sentimita, uzito uliobaki, kipenyo, na hatua alizokwenda kabla ya kuanguka. Hatua hizo ni kipimo kibovu zikisimama peke yake. Nyati aliyetobolewa moyo sawasawa anaweza kukimbia mita mia moja, na aliyeguswa uti wa mgongo kwa bahati akadondoka palepale kwa kichwa kibovu. Weka safu ya waliopotea pia, hata kama inauma kuijaza.

Majaribio ya uwanjani yanasaidia kulinganisha, si kutabiri. Jelatini ya kitaalamu huchanganywa kwa asilimia 10 na kupozwa hadi nyuzi 4 za Selsiasi. Isipopozwa hulegea na kila kichwa kinaonekana kupenya sana. Kwa gharama ndogo, loweka magazeti kwa saa 24, yachuje maji yanayotiririka, yafunge kwenye boksi, na weka mbele yake ubao au mfupa wa ng'ombe. Madumu ya maji ya lita 5 yaliyopangwa mstari yanaonyesha kama kichwa kinachanua, lakini hayaonyeshi mfupa utakifanya nini. Jambo la lazima ni kupiga aina zote siku moja, kwenye boksi lile lile, kwa umbali miwili: karibu, mita 15 au 20, kisha umbali wa mwisho unaokusudia kufyatua. Piga angalau tano kwa kila aina katika kila umbali. Hayo yafanyike kwenye uwanja ulioruhusiwa wenye kizuizi cha udongo nyuma. Kichwa kilichofaulu kwa mita 100 peke yake bado hakijajaribiwa.

Aina ya 1: koti na kiini

Huu ndio muundo wa kale: kiini cha madini ya risasi ndani ya koti la shaba, na ncha ya mbele iliyoachwa wazi. Remington Core-Lokt ya mwaka 1939 ni mfano unaojulikana sana.

Kuchanua: haraka, hata kasi ikiwa imeshuka. Kwenye .30-06 na .308 kwa mita 100 hadi 200 hufanya kazi vizuri mno. Uzito unaobaki ni kati ya asilimia 40 na 70, na hubadilika sana kutoka mnyama mmoja hadi mwingine.

Mfupa na kina: kinatosha kwa mbavu na kwa bega la swala. Kwenye mfupa mzito kwa kasi kubwa hakitabiriki.

Kinavyoshindwa: koti na kiini huachana. Koti tupu linabaki chini ya ngozi, kiini kinasagika, na jeraha linakuwa pana lakini la kina kifupi. Kongoni dume aliyepigwa begani kwa .300 Win Mag kutoka mita 30 ndiye anayeonyesha tatizo hili. Anakimbia na bega lililosambaratika huku mapafu yakiwa mazima. Dawa yake ni kuchagua kichwa kizito kwa kaliba hiyo, kupunguza kasi, na kungoja mnyama asimame ubavu.

Nyama na gharama: ni nafuu kuliko zote na kinapatikana kuliko vyote, lakini kinaacha chembe nyingi za madini ya risasi, nyingine ndogo kiasi cha kutoonekana.

Kinamfaa anayewinda swala pala, ngiri, kongoni au tandala kwa kaliba ya kasi ya wastani na mwenye subira ya kusubiri pembe nzuri. Kwa chui, mwenye mwili mwembamba na mifupa myepesi, kuchanua haraka ni faida kubwa, na hapo kichwa kigumu mno kinaweza kupita bila kufungua.

Aina ya 2: chenye ukuta katikati

John Nosler, Mmarekani, alihangaika kumwangusha mnyama mkubwa wa kaskazini aitwaye "moose" kwa Kiingereza huko British Columbia, Kanada, mwaka 1946, kwa sababu vichwa vyake vilikuwa vikipasukia juu juu. Akaunda kichwa chenye vyumba viwili vya madini ya risasi vilivyotenganishwa na ukuta wa shaba, na kuanza kukiuza mwaka 1948 kwa jina la Partition. Wazo lake ni la uungwana: sehemu ya mbele ife ikifanya kazi, ya nyuma iendelee na safari.

Kuchanua: cha mbele hufunguka mapema, hata kwa kasi ndogo. Uzito unaobaki huwa asilimia 60 hadi 75, na huo si upungufu, ndio muundo wenyewe. Swift A-Frame ina ukuta uleule, lakini kiini cha mbele kimeunganishwa na koti, kwa hiyo hubaki na zaidi ya asilimia 90 na kutoka kikiwa kimevimba kiunoni kama mtungi.

Mfupa na kina: hata sehemu ya mbele ikisagika kabisa, nyuma inabaki nguzo ya shaba na madini ya risasi inayosonga mbele. Hapo ndipo penye kuaminika kwake.

Kinavyoshindwa: mara chache, na kwa namna ya upole. Kwa mita chache na kaliba ya kasi, mbele huisha yote na kinachobaki ni nguzo nyembamba inayotoboa tundu dogo katika nusu ya pili ya njia. A-Frame nayo, kwa kuchanua pana, wakati mwingine hukwama chini ya ngozi ya upande wa pili ya nyati badala ya kutoka. Ukihitaji damu ya kufuatilia pande zote mbili, hilo lina uzito. Ukiogopa kumgusa mnyama wa nyuma, ni heri.

Nyama na gharama: ghali kiasi. Partition huacha chembe za madini ya risasi, A-Frame chache kuliko hizo.

Kinamfaa mwenye bunduki moja kwa wanyama wa ukubwa tofauti, ambaye hajui kama fursa itakuja kwa mita 30 au 230.

Aina ya 3: kiini kilichounganishwa na koti

Hapa kiini kimeyeyushwa na kushikamana na koti, kwa hiyo haviachani kirahisi. Woodleigh Weldcore ya Australia, Norma Oryx ya Sweden na Trophy Bonded Bear Claw ni majina yanayokutwa kambini.

Kuchanua: pana na laini, mara nyingi mara mbili ya kipenyo au zaidi. Uzito unaobaki ni asilimia 80 hadi 95.

Mfupa na kina: kinavunja bega na kuendelea, lakini upana wake ndio breki yake. Kwa nyati aliyesimama ubavu, .375 ya greni 300 ya aina hii hufika mapafu yote mawili na mara nyingi kusimama kwenye ngozi ya pili. Kwa pembe kali ya kutoka nyuma, usitegemee.

Kinavyoshindwa: kinachanua kupita kiasi kikienda mbio kuliko kilivyokusudiwa. Baadhi ya vichwa vya kaliba za kizamani vimefanywa laini ili vifunguke kwa kasi ya .470 au .450/400. Kichwa cha kipenyo kilekile kikitumiwa kwenye bunduki ya kasi zaidi, kinatandazika kama sahani na kusimama mapema. Soma kasi aliyoiandika mtengenezaji kabla ya kulipa.

Mtutu: ni laini kwa mitutu ya zamani, na wenye bunduki za mitutu miwili hukipenda kwa hilo.

Kinamfaa anayefyatua kwa umbali mfupi hadi wa kati, kwa kaliba za kasi ya wastani, na hasa simba, anayehitaji jeraha pana kwenye kifua kisicho na mifupa mizito kama ya nyati.

Aina ya 4: shaba tupu inayochanua

Barnes X ilitoka mwaka 1989, na toleo lenye mifereji, TSX, likafuata mwaka 2003. Hakuna madini ya risasi ndani. Kuna shimo puani, na pua ikijaa majimaji ya mwili inagawanyika kuwa petali nne.

Kuchanua: kunategemea kasi kuliko aina zote. Uzito unaobaki ni karibu asilimia 100, au takriban 70 hadi 80 petali zikikatika.

Mfupa na kina: hapa aina hii inatamba. Inapita bega na bado inatoka upande wa pili. Kwa pembe za mshazari ndiyo inayokupa nafasi kubwa kuliko vichwa vyote vinavyochanua.

Kinavyoshindwa: pua ikizibwa au kupondwa, au kasi ikishuka chini ya mpaka wake, hakifunguki, na unapata tundu la upana wa penseli toka ngozi hadi ngozi. Mnyama wa namna hiyo hufa, lakini mbali, na damu ni chache. Kwa swala mdogo aliye mbali, na kwa mtutu mfupi unaopunguza kasi, hatari hiyo ni ya kweli. Kwa nyati wa mita 60 si tatizo.

Mtutu ndio unaohitaji maelezo hapa. Uzito mahususi wa madini ya risasi ni 11.34 na wa shaba ni 8.96, hivyo kichwa cha shaba cha uzito uleule ni kirefu zaidi, na kirefu kinahitaji kuzungushwa zaidi ili kitulie. Shuka ngazi moja ya uzito: greni 270 badala ya 300 kwenye .375, greni 165 au 168 badala ya 180 kwenye .30-06. Hupotezi kina, maana uzito hauondoki njiani. Safisha mtutu mpaka shaba ya zamani itoke yote kabla ya kuanza, kisha piga risasi kadhaa bila kuzihesabu. Wengi hukilaumu kichwa kwa kutawanya shabaha wakati kosa ni mabaki ya koti la awali. Wanaojaza risasi wenyewe waanze na nafasi ya milimita 1.3 kati ya kichwa na mwanzo wa mifereji ya mtutu.

Nyama na gharama: ghali, lakini nyama haina madini ya risasi. Hili si dogo mahali ambapo nyama ya nyati hugawiwa kijijini na kuliwa na watoto na wajawazito. Matumbo yanayoachwa porini huliwa na tumbusi, na sumu ya madini ya risasi huwaua ndege wala mizoga. California ilikataza kabisa vichwa vyenye madini ya risasi katika uwindaji kuanzia Julai 2019, kwa kiasi kikubwa kwa ajili ya tumbusi wake wakubwa, na Denmark ikafuata Aprili 2024. Ukitumia aina za 1 hadi 3, kata na kutupa kwa ukarimu nyama inayozunguka jeraha, na ufukie iliyokatwa.

Kinamfaa mwenye kaliba ya kasi, anayewinda mnyama mgumu, au anayejali nani atakula nyama na nani atakula masalia.

Aina ya 5: solidi

Solidi haichanui kamwe. Ni shaba au shaba nyeupe iliyochongwa, kama Barnes Banded Solid, au koti nene la chuma lililofunikwa shaba juu ya kiini. Kwa hiyo kigezo cha kuchanua hakiihusu, na uzito unaobaki ni wote.

Mfupa na kina: ndiyo sababu ya kuwepo kwake. Fuvu la tembo limejaa mifupa ya mashimo kama sega la nyuki, na ubongo uko mbali nyuma, kwa hiyo kinachohitajika ni mstari ulionyooka. W. D. M. Bell aliwinda tembo Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20 kwa .275 Rigby, kaliba ndogo ambayo leo isingeruhusiwa, na solidi ndefu zilizonyooka ndizo zilizomwezesha. Umbo la pua ni muhimu kuliko jina la kiwanda. Pua bapa, ambayo ubapa wake ni karibu theluthi mbili ya kipenyo, hushika njia na kufungua jeraha zaidi. Pua ya mviringo huwa na tabia ya kupotoka njia ikishaingia ndani.

Kinavyoshindwa: kwa kufaulu kupita kiasi. Nyati aliyesimama mbele ya kundi akipigwa solidi, kichwa kinatoka na kumgusa wa nyuma, na sasa una majeruhi wawili kwa leseni moja. Pia solidi ikipita mapafu bila kugusa mfupa huacha jeraha jembamba. Na pua bapa zikiwa pana sana hukwama kwenye baadhi ya bunduki za boliti zikitoka magazini. Pitisha kila risasi utakayobeba, polepole kisha kwa haraka, bunduki ikielekezwa mahali salama.

Mtutu: shaba ngumu hukaza dhidi ya mifereji kuliko koti laini. Kwa bunduki ya mitutu miwili ya zamani yenye kuta nyembamba, muulize fundi wa bunduki kabla, na upige shabaha ya karatasi kwanza. Mitutu hiyo imeoanishwa kwa uzito na kasi moja mahususi. Ukibadilisha kichwa, wa kulia na wa kushoto huanza kupiga mahali tofauti.

Inafaa kwa tembo na kiboko wa nchi kavu, na kwa risasi za kufuatia baada ya ya kwanza kwa nyati aliyejeruhiwa, ambapo pembe huichagui wewe.

Kuhusu risasi za kijeshi

Wapo wanaozichanganya na solidi kwa sababu nazo zina koti zima. Si ndugu. Azimio la Hague la 1899 lilikataza vichwa vinavyochanua vitani, kwa hiyo majeshi hutumia koti zima lenye ncha kali na ukuta mwembamba. Ndani ya mnyama hupinduka, hupotea njia na mara nyingine hukatika kiunoni. Halichanui kama laini, halinyooki kama solidi. Kwa mnyama mkubwa halina nafasi.

Kuchagua kulingana na hali yako

Nyati wa kwanza, .375 H&H, kundi kwenye majani marefu, mita 40 hadi 80: risasi ya kwanza iwe kiini kilichounganishwa, A-Frame au shaba tupu, ukingoje aliyejitenga na wenzake. Kama kundi limebanana, A-Frame au kilichounganishwa vina uwezekano mdogo wa kutoka. Chini yake magazini ziwe solidi, zilizopigwa karatasi kabla na kuthibitika kuangukia ndani ya sentimita 5 za ile ya kwanza inayochanua kwa mita 50. Zikitofautiana zaidi ya hapo, tafuta jozi nyingine au tumia shaba tupu magazini kote.

Pofu dume, mwili mkubwa na nyama nyingi, mara nyingi mbali kidogo na mwenye kusogea: shaba tupu ya greni 270 kwenye .375, au Partition. Hapa koti na kiini cha kawaida ni kubahatisha.

.30-06 au .308 kwa swala na kongoni, bajeti ndogo: koti na kiini chenye uzito wa greni 180, ubavu tu, si mshazari wa nyuma. Pesa inayobaki nunulia pakiti mbili za mazoezi za aina ileile.

.300 Win Mag au kaliba nyingine ya kasi kwenye vichaka vya karibu: acha koti na kiini. Shaba tupu au chenye ukuta katikati.

Simba: kiini kilichounganishwa au A-Frame kwenye .375 au zaidi. Solidi isiwe ya kwanza.

Bunduki ya mitutu miwili ya zamani: anza na uzito na kasi vilivyochongwa kwenye bunduki yenyewe, kisha tafuta kichwa laini kinacholingana navyo. Sifa za kichwa zije baada ya karatasi kuonyesha mitutu yote miwili ikipiga pamoja.

Na kama dukani ipo aina moja tu, ya koti na kiini, na leseni ni ya nyati: ahirisha safari hadi upate nyingine, au panga na mwindaji bingwa mwenye risasi sahihi, na hiyo uliyonayo itumie uwanjani kuzoesha bega. Wakati huohuo ziweke pakiti zote mbali na dashibodi ya gari. Risasi iliyokaa juani hupanda joto, baruti huungua kwa nguvu zaidi, na shinikizo pamoja na mahali pa kupiga hubadilika bila wewe kugusa chochote.